Chakula Asichokionja Mpishi

Watu wanaoishi kwa kulisha wageni hawapendi kuulizwa maswali. Nimewahoji kuanzia Rugu hadi kivukoni Murongo, na sikumpata hata mmoja aliyenijibu swali la kwanza. Ukimuuliza anapikaje, atakuuliza umetoka wapi. Ukimuuliza wageni wake ni kina nani, atataka kujua mumeo yuko wapi na kwa nini amekuacha utembee. Jibu la kweli, kama lipo, hulitoa kwa mkono bila kujua, wakati mdomo unakuzungusha. Hilo nilichelewa kulijua, na nusura linitoe nyumbani kwangu.

Miaka ile Wadachi walikuwa wameshajenga boma lao Bukoba, lakini huku kwetu Karagwe neno zito lilikuwa bado la Mukama, mfalme wa nchi. Baba wa mume wangu alitoka pwani, mimi nililelewa Tabora katika nyumba ya Waislamu wenye adabu kali, na biashara ndiyo iliyotuleta Nyabiyonza. Mbele tuliuza nguo, shanga na chumvi. Uani nilikuwa na mgahawa: jiko la mafiga, mikeka, birika la kahawa, na chakula cha yeyote anayepita na msafara. Nyuma ya migomba alikuwa amelala mwanangu wa pekee, tuliyemzika mwaka wa pili tangu tufike. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niwe mkaidi. Mume wangu angeweza kufungua duka popote. Mimi sikuwa tayari kumwacha mtoto yule peke yake kilimani.

Mgahawa ulikuwa na ugonjwa ambao sikuuelewa. Wapagazi waliotoka Tabora walikula kwangu na kulamba vidole. Wenyeji hawakuwa hivyo. Walikuja dukani, wakasalimia kwa heshima zote, wakakaa mkekani, wakasifu harufu ya sufuria, na chakula kilipoletwa wakawa wameshiba. Sijaona watu wenye shibe ya ajabu kama wale. Wakishaaga, walivuka njia na kuingia kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na uwanja chini ya migomba yake, akiuza pombe ya ndizi na bitoke, ndizi za kupikwa kwa maharage, katika vyungu vilivyopasuka midomo. Kule shibe iliwaisha mara moja.

Nilimshuku yule bibi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ng'ambo ya njia tu. Kila alipoinama kumnong'oneza mteja, mimi nilijua ninasemwa. Kila alipocheka, nilijua anachekea chungu changu. Mume wangu alisema labda wateja wanafuata pombe, kitu ambacho sisi Waislamu hatuuzi, basi. Nilimwambia kwamba mwanamume akishauza nguo hudhani ameelewa dunia.

Kisha ikaja Ramadhani, na katika siku zake za mwanzo akapita mjumbe wa Mukama. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mkuki na mtu wa kumbebea mzigo. Jua lilikuwa utosini. Nyumba nzima tulikuwa tumefunga, lakini mgeni ni mgeni, na mimi nilitaka sana mtu wa Mukama aonekane anakula kwangu. Nilimpikia wali, kitu adimu huku, na kuku wa nazi kavu iliyoletwa na msafara. Nikamwekea peke yake, nikanawa mikono, nikasimama pembeni. Alitazama sinia. Alinitazama mimi, akamtazama mume wangu, akawatazama wapagazi wetu waliokuwa wamelala kivulini na midomo mikavu. Akauliza, "Na ninyi?"

"Kula tu, bwana," nikamwambia. "Sisi bado."

Alikula kidogo, kwa adabu, kama anayekanyaga kwenye tope. Njiani alishikwa na tumbo. Walimbeba kwa machela hadi kwao, na kwa siku kadhaa watu hawakujua kama atapona. Alipona. Mpaka leo sijui kilichomuuma, nazi au maji ya njiani au kitu alichokula mahali pengine kabla hajafika kwangu. Lakini habari iliruka vilima kabla yeye hajatoka kitandani: mwanamke wa Mswahili ana sumu.

Neno la kutoka kwa Mukama lililetwa na kijana wa miguu mirefu, ambaye alilisema akiwa amesimama nje ya ua. Kabla mwezi ule haujafa, angekuja mjumbe mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Akiona baya, jiko langu libomolewe na sisi tuondoke kilimani. Mume wangu aliposikia alianza siku hiyohiyo kuangalia kamba za kufungia mizigo. Mimi nilikwenda nyuma ya migomba nikakaa pale alipolala mwanangu, nikalia, kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi kuliko machozi.

Nikaamua nitawauliza wanaolisha watu, mmoja mmoja, wanafanya nini mpaka waaminiwe. Na nilikuwa na nia ya pili, sitaificha: nilitaka kumjua aliyeanzisha maneno.

Nilianzia Rugu. Alikuwapo mzee wa Kinyamwezi ambaye zamani alikuwa mpishi wa misafara, sasa ana kibanda na anapikia wapagazi wanaolala hapo. Nilidhani tutaelewana, maana wote tulikuwa watu wa kuja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniwekea bitoke vya moto katika jani la mgomba. Kisha, kabla hajanisogezea, alimega kipande kikubwa akakitia kinywani mwake, akatafuna akinitazama machoni. Nikasema moyoni, mlafi huyu. Kwetu Tabora, mwenye nyumba akitia mkono kabla ya mgeni ni aibu ya ukoo mzima. Mimi mwenyewe nilishachapwa na mama yangu kwa sababu hiyo, nikiwa mdogo, mbele ya wageni.

"Karibu," akasema, akitelezesha jani kwangu.

"Nimeshiba, baba," nikamjibu.

Alinitazama midomo. Ilikuwa mikavu, imepasuka. Ningeweza kumwambia nimefunga. Sikumwambia. Nilifundishwa kwamba ibada haitangazwi sokoni, na tena sikutaka mtu ninayemshuku ajue kwamba sina nguvu. Msafiri ana ruhusa ya kula, najua, lakini mimi niliikataa ruhusa hiyo, nikaenda na njaa yangu.

"Unawaandalia vipi wageni wako?" nikamuuliza.

"Boma ndilo limekutuma?"

"Hapana."

"Basi mbona unauliza kama boma? Wakishauliza mnakula nini, kesho wanahesabu vibanda, keshokutwa kodi."

Nikabadilisha, nikauliza wageni wake wanatoka wapi. Akaniuliza wangu wamekwenda wapi. Tukapambana hivyo mpaka jua likageuka, na nilipoondoka nilikuwa nimejua kitu kimoja tu, kwamba anajua habari za mjumbe. Kwa hiyo nikamwandika moyoni katika wanaonisema. Bitoke vyake viliachwa palepale kwenye jani, vimepoa.

Tangu hapo nilijifunza kutouliza moja kwa moja. Mpishi muulize habari za mpishi mwenzake, naye atamsema mwenzake na kujisema mwenyewe humohumo. Niliingia Murongo na akili hiyo, tukiwa tumekwenda na mume wangu kupokea mizigo ya chumvi iliyovushwa kutoka ng'ambo. Kivukoni pale, mke wa mwenye mtumbwi ndiye aliyewakaribisha watu wanaosubiri. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza njiani, na niliona mara moja kwamba anajua kila mtu anayevuka na kwa nini anavuka.

Alinikaribisha kwenye kigoda. Akatoa kijikasha cha ukindu chenye buni, zile zinazochemshwa na majani na kukaushwa ili watu watafune wakizungumza. Alichukua moja, akaitafuna, akaimeza. Halafu ndipo akaninyooshea kijikasha.

Tena, nikawaza. Huku kote wenye nyumba wanaanza wenyewe. Hawa watu hawakufundwa.

Kukataa buni ni tusi, hilo nililijua. Kuitafuna mchana wa Ramadhani sikuweza. Nikafanya nilichokiona ni cha busara: nikaichukua kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaifunga katika pindo la kanga yangu.

Uso wake ulibadilika. Nilidhani ameumwa na kitu. "Unaipeleka wapi?" akauliza.

"Nitatafuna baadaye."

"Baadaye wapi?"

"Nyumbani."

Alifunga kijikasha chake. Nilimuuliza habari za yule mzee wa Rugu, kama nilivyokusudia, na akasema hamjui. Nilimuuliza habari za bibi mjane wa Nyabiyonza, akasema hamjui naye. Mwanamke aliyejua kila mtu akawa hajui hata maji yanakwenda upande gani. Tulipoomba mtumbwi umvushe mtu wetu mmoja aliyekuwa na shauri ng'ambo, mumewe akaja akasema umetoboka. Nilikuwa nimeuona ukifika muda si mrefu, mkavu ndani, na mbuzi watatu wamesimama humo. Nikamwambia mume wangu, "Huyu naye ameshalishwa maneno." Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kuna mtu mmoja anayewafikia wote, na nikamjua ni nani.

Sikungoja hata kunawa vumbi. Nilivuka njia nikaingia katika uwanja wa yule bibi. Alikuwa anakamua ndizi mbivu kwa nyasi katika mtumbwi wa mti, mikono imezama mpaka viwikoni. Wateja wake waligeuka kunitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Ni wewe uliyesema nina sumu?"

Nilitegemea atakana. Wote hukana, na kukana ndiko nilikokuwa nimejiandaa nako. Yeye alikung'uta nyasi mikononi, akajifuta.

"Sikusema sumu," akasema. "Nilisema huonji. Niliulizwa na watu wa Mukama, na nilisema nilichokiona kwa macho yangu tangu mlipohamia. Unapika, unaweka, unasimama pembeni. Wewe huonji, bwana wako haonji. Wakiniuliza tena, waitu, mwanangu, nitasema hivyohivyo."

"Kuonja kabla ya mgeni ni utovu wa adabu."

"Kwa nani?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Huku, akasema, aliyepika ndiye anayeanza, mgeni aone kwa macho yake kwamba kilichoingia tumboni mwake kimeingia kwanza tumboni mwa mwenyeji. Pombe ni hivyo, bitoke ni hivyo, hata buni moja ni hivyo. Asiyeanza ana sababu. Nikamkumbuka mzee wa Rugu akitafuna na kunitazama machoni, na mama wa kivukoni akimeza buni yake polepole ili niione inavyoshuka. Walikuwa wakinijibu swali langu, na mimi nilikuwa nikiwaita walafi.

"Na ulipotembea," akasema bibi, "ulikataa chakula Rugu. Ulibeba buni ya watu Murongo ukaifunga nguoni. Unajua buni iliyotoka mkononi mwa mtu, ikabebwa bila kuliwa, inapelekwa kufanywa nini? Yule mama hajalala vizuri tangu siku hiyo."

"Umejuaje yote hayo?"

"Wote hapa tunalisha watu wa njia moja. Wanakula kule, wanasemea hapa." Akanitazama, na nakumbuka hakukuwa na ubaya katika macho yake, ila uchovu wa mtu aliyesubiri muda mrefu kuuliza. "Sasa niambie na mimi. Vya watu huli. Vyako mwenyewe huli. Unakula nini? Na watu wanasema moshi wa jiko lako unaonekana kabla hakujakucha."

Nilikaa, ingawa nilisema sikai. Nilizunguka nchi nzima nikidhani ninawahoji, kumbe kila nilipofika ni wao walionihoji mimi, na nilishindwa kila mahali. Nikamweleza: mwezi wetu, kufunga, daku, futari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwezi mzima?"

"Mzima."

"Na mjumbe ulimpa chakula ndani ya mwezi huo."

"Ndiyo."

Akaguna. "Ungeweza kusema tu, mwanangu."

Mjumbe wa pili alifika mwezi ukiwa umebaki kucha nyembamba. Huyu hakuwa mpole. Alikuja mchana, makusudi nadhani, akakaa kwenye kigoda uani, na nyuma yake wakasimama watu wa kilima karibu wote, bibi akiwamo. Nilikuwa nimepika bitoke na maharage, chakula ambacho hakuna asiyekijua. Mume wangu alimweleza kwa heshima kwamba tumefunga, kwamba dini yetu ndivyo ilivyo, kwamba jua likizama tutakula naye sahani moja.

Mjumbe alimsikiliza. "Kila mwenye sumu," akasema, "huwa ana sababu ya kutokula."

Nilimwona mume wangu anatazama upande wa kamba za mizigo. Mimi nilitazama upande wa migomba. Nilijua ninachoulizwa, na nilijua nikila ninamwasi nani na nisipokula ninamwacha nani, na hakuna aliyekuwapo pale ambaye angeweza kuamua badala yangu. Nikapiga magoti mbele ya jani. Nikamega tonge la katikati, siyo la ukingoni, nikalitia kinywani. Lilikuwa la moto, na ulimi wangu mkavu ulilikataa, likaganda. Nililitafuna nikilia kwa hasira, hasira kwa mjumbe, kwa mama yangu na kofi lake, kwangu mwenyewe. Nikameza ili wote waone linavyoshuka. Kisha nikamsogezea jani.

Alikula. Alikula yote, akaulizia kama chunguni kumebaki. Mimi nilirudi jikoni kumpakulia tena, na nilipogeuka nikawaona watu waliokuwa nyuma yake wameanza kukaa mikekani, mmoja baada ya mwingine, wakisema njia ilikuwa ndefu na njaa inawauma. Hawakuwa wametoka mbali zaidi ya ng'ambo ya njia.

Tulibaki. Mume wangu hakunilaumu kwa ile siku niliyoivunja, wala hakunisifu. Alisema tu kwamba itabidi niilipe, na mimi nikasema najua deni langu.

Baada ya Idi niliilipa. Asubuhi hiyo bibi alivuka njia, mara yake ya kwanza kuingia uani kwangu bila kuitwa, ameshika kibuyu cha maji ya ndizi, yale matamu ambayo hayajatiwa mtama wa kuchachusha. Alikuwa ameyakamua kwa ajili yangu, kwa kuwa aliuliza akaambiwa haya yanaruhusiwa.

"Siwezi, bibi. Leo ninafunga."

"Tena? Si mwezi umekwisha?"

"Ninailipa ile siku ya mjumbe."

Aliweka kibuyu kivulini. "Unakula lini?"

"Jua likizama."

Nilidhani atakwenda na kurudi. Hakwenda. Alikaa mkekani, akanisaidia kumenya ndizi za wageni, akanikosoa ninavyoshika kisu. Wateja wake walikuja kumtafuta, akawaambia wajihudumie. Nilipomwekea chakula cha mchana, nikionja kwanza kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa kuwa nilikuwa nimefunga, alikitazama akasema ameshiba. Nilikaribia kuudhika. Niliijua shibe ile. Nikaanza kujiuliza ameona nini katika chungu changu safari hii, na ameambiwa nini, na nani. Mchana wote nilimchungulia kwa pembe ya jicho. Hakula, hakunywa hata maji.

Jua lilipogusa kilima alinyanyuka, akachukua kibuyu, akakifuta mdomo kwa kiganja, akaninyooshea. Nilingoja aonje. Alikuwa ameonja mbele ya watu maisha yake yote, mkono ule haukuwahi kumpa mtu kitu kabla ya kinywa chake. Hakuonja.

"Kwenu aliyealikwa ndiye anayeanza," akasema. "Anza."

Nikachungulia ndani ya kibuyu kwanza, maana tabia haina dawa. Aliniona nikichungulia. Ndipo na mimi nikamwona vizuri, kwa karibu, kwa mara ya kwanza siku nzima: midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka kama yangu. Nikanywa.